Nahodha Aliyekataa Kutia Saini



Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Uganda kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa muda wote huo nimekuwa pia kocha wa timu ya mpira wa miguu. Katika shule zetu kazi hizi mbili huandamana: mwalimu kijana akionekana kuwa na pumzi ya kukimbia, hukabidhiwa filimbi pamoja na chaki. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara ni mchezaji gani ninayemkumbuka kuliko wote. Hutarajia nimtaje mshambuliaji fulani hodari aliyewahi kufunga mabao matatu katika mechi moja. Wachezaji wa namna hiyo nimewapata, na niliwafurahia sana. Hata hivyo, ninayemkumbuka zaidi ni beki wa kati ambaye hakufunga bao hata moja katika miaka miwili aliyokuwa kiongozi wa timu. Sitamtaja jina, kwa sababu ni mtu binafsi, na kwa sababu jina la mtu lilikuwa ndicho kiini cha mkasa wenyewe. Nitamwita Nahodha.

Shule yetu ilikuwa kusini mwa nchi, kando ya barabara itokayo Masaka kwenda Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Nahodha hakuwa mrefu wala mwenye kasi. Alijua mahali pa kusimama, na kwa beki hilo ni jambo kubwa. Wenzake walimchagua kwa kura za siri, vipande vya karatasi vikitiwa ndani ya boksi la sabuni, naye akaanza kazi yake kwa kununua daftari. Humo aliandika idadi ya mipira, namba za jezi na jina la kila aliyekabidhiwa, pamoja na michango ya nauli ya kwenda kwenye mechi za ugenini. Kila tuliporudi safari, alibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo: zilizokusanywa, zilizotumika, zilizobaki. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba fedha hizo ni za wenzake, kwa hiyo wana haki ya kujua zilikokwenda.

Darasani alikuwa mwanafunzi wa kawaida, ila aliyapenda maneno. Katika eneo lile matangazo ya redio kutoka Tanzania husikika vizuri, naye aliyasikiliza ili kujizoeza lugha. Siku moja alinyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, mamluki ni nani?” Alikuwa amelisikia neno hilo katika habari za michezo ya shule.

Nilifurahi, kwa kuwa ni neno linalofundisha mengi. Nikaandika ubaoni maneno manne: *miliki*, *malkia*, *mamlaka* na *mamluki*. Yote yametoka katika Kiarabu, na yote yana shina moja lenye sauti tatu, *m-l-k*, lenye maana ya kuwa na kitu au kukitawala. Kumiliki ni kuwa na kitu kama mali yako. Malkia ni mwanamke anayetawala. Mamlaka ni uwezo halali wa kuamuru. Mamluki, kwa asili yake, ni mtu anayemilikiwa na mwingine. Katika Kiswahili cha leo ni askari wa kukodiwa, anayepigania upande usio wake kwa ajili ya malipo. Na katika michezo ya shule ni mchezaji anayeletwa kutoka nje, akavishwa jezi ya shule asiyosoma. Nilimaliza somo kwa kuwatania wanafunzi kwamba wasichanganye *mamlaka* na *mamluki*, kwani tofauti yake ni irabu tu. Darasa zima lilicheka. Sikujua kwamba baada ya wiki chache nitayachanganya mimi mwenyewe.

Muhula ule tulifika nusu fainali ya mashindano, hatua ambayo shule yetu haikuwa imewahi kuifikia. Wanafunzi walikuwa wakipungua na uongozi wa shule ulihitaji sifa. Siku nne kabla ya mechi, aliletwa kijana mmoja aliyekuwa amemaliza masomo kwingine na alikuwa akichezea klabu ya mjini. Niliambiwa kwamba atacheza, na kwamba jina lake limekwisha kupatikana. Maana ya kauli hiyo ni kwamba angetumia jina la mwanafunzi wetu aliyekuwa bado katika orodha ya waliosajiliwa, ingawa hakuwa tena shuleni. Mwanafunzi huyo alikuwa ameacha masomo mwezi mmoja kabla kwa kukosa ada, akaenda kufanya kazi ya kuvuta nyavu mwaloni, kwenye Ziwa Victoria. Alikuwa rafiki wa Nahodha. Walikuwa wameketi dawati moja tangu kidato cha kwanza.

Sikupinga. Nilijiambia kwamba uamuzi ni wa wakubwa wangu, nikatia saini fomu. Nakueleza hivi waziwazi, msomaji, kwa sababu ni rahisi kwa mwalimu wa uraia kusimulia makosa ya serikali na ya wanasiasa, huku akiruka yake mwenyewe.

Usiku wa kuamkia mechi, Nahodha alibisha hodi nyumbani kwangu. Kwa kawaida nje ya darasa tulizungumza Kiganda. Usiku ule alizungumza Kiswahili, kwa kuwa nyumba yangu ilipakana na bweni na hakutaka wenzake wasikie.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona hujalala?”

“Mwalimu, kesho mwamuzi akisoma majina, nani ataitikia jina la rafiki yangu?”

“Unajua nani ataitikia.”

“Ninajua. Lakini rafiki yangu hajui. Yuko mwaloni. Jina lake linakwenda kucheza mpira, na yeye hana habari.”

Nilimpa hoja zote nilizokuwa nazo. Nilimwambia kwamba timu nyingine hufanya hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba kombe litaleta wanafunzi, nao wanafunzi wataleta ada, na shule itasimama. Alinisikiliza hadi nilipomaliza, kisha akauliza iwapo fedha alizoahidiwa yule mgeni zingetosha kumlipia rafiki yake ada ya muhula. Sikumjibu. Zingetosha na kubaki.

Katika mashindano yetu, karatasi ya majina ilitiwa saini na kocha na nahodha kabla ya mechi. Aliniambia, “Mimi siwezi kutia saini kwamba yeye ni yeye.” Ni sentensi fupi, ya mwanafunzi anayejifunza lugha. Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi na sijui namna bora zaidi ya kuisema.

Ndipo nikafanya jambo linalonitia haya hadi leo. Nilimkumbusha kwamba alikuwa akisamehewa nusu ya ada kwa sababu ya mpira. Alinyamaza kidogo. Akasema, “Ndiyo, Mwalimu. Nimelifikiria hilo.” Akatoa kitambaa cha unahodha mfukoni, akakikunja, akakiweka mezani karibu na taa. Akaniaga kwa adabu na kuondoka.

Kuna jambo kuhusu unahodha ambalo watu wengi hawalijui. Sheria za mpira wa miguu ziko 17, na ya tatu inahusu wachezaji. Sheria hiyo inasema kwamba nahodha hana hadhi wala upendeleo wowote maalumu, ila ana kiasi fulani cha wajibu kuhusu mwenendo wa timu yake. Kwa hiyo kitambaa kile cha mkononi hakimpi mtu chochote, kinamdai tu. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo mara nyingi. Kijana wa kidato cha tatu, ambaye huenda hakuwahi kuisoma, ndiye aliyekuwa ameielewa.

Kesho yake nilimpa mwingine kitambaa, naye akatia saini bila kuuliza. Nahodha hakususia mechi wala hakuwachochea wenzake. Alikaa kwenye benchi na nguo zake za shule, akabeba maji, akamfunga bendeji winga wetu alipoumia kifundo cha mguu. Tulishinda mabao 2 kwa 1, na mabao yote mawili yalifungwa na yule mgeni. Kila alipofunga, mashabiki wetu waliimba jina la kijana aliyekuwa ziwani. Niliutazama uso wa Nahodha mara moja tu, sikuthubutu tena. Fainali nayo tulishinda. Kombe likawekwa kwenye kabati la ofisi.

Labda unangoja nikuambie kwamba tuligunduliwa. Hatukugunduliwa. Hakuna aliyekata rufaa, hakuna aliyekuja kukagua vyeti. Muhula uliofuata Nahodha aliondolewa msamaha wake wa ada kwa maelezo kwamba si mchezaji tena. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili aendelee na masomo. Nilijua habari hiyo, nikanyamaza.

Kilichonizindua kilitokea miezi kadhaa baadaye, katika uchaguzi wa viranja. Kura zilipohesabiwa, zilizidi idadi ya wanafunzi waliopiga. Tulimpata aliyeongeza karatasi, mtoto wa kidato cha pili, mpole, mwenye alama nzuri katika somo langu. Nilimwita na kumhutubia kwa kirefu juu ya thamani ya kura. Alinisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa na kiburi: “Lakini Mwalimu, hata kwenye mpira tulitumia jina la mtu asiyekuwapo.”

Tafakari hesabu ile. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi hao Ibara ya 17 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, inayotaja wajibu wa raia, ukiwamo wajibu wa kupambana na rushwa. Waliikariri vizuri na kupata alama. Lakini somo walilolielewa kwelikweli ni lile nililolitoa uwanjani kwa dakika 90 bila kufungua kinywa. Jina la mtu asiyekuwapo likiweza kufunga mabao, kwa nini lisiweze kupiga kura? Mtoto yule hakuwa amekosea katika kufikiri. Alikuwa amefikiri sawasawa kutokana na mfano niliompa.

Juma lililofuata niliikutanisha timu chini ya mwembe tunapofanyia mazoezi, nikawaeleza nilichofanya, bila kumsingizia mkubwa yeyote. Nilimwomba Nahodha radhi mbele ya wenzake. Niliandika barua kwa waandaaji wa mashindano. Mpaka leo haijajibiwa. Nilimweleza mkuu wangu kwamba sitatia tena saini jina lisilo na mwenyewe, na kwamba filimbi yuko huru kumpa mwingine. Hakumpa mwingine. Nilichangia ada ya Nahodha hadi alipomaliza kidato cha nne, jambo ambalo halikuwa ukarimu hata kidogo. Rafiki yake hakurudi shuleni. Katika mambo yote, hilo ndilo ambalo sikuweza kulitengeneza.

Nasimulia haya katika ukurasa wa kujifunzia Kiswahili kwa sababu wengi wenu mnaosoma hapa mnakabiliwa na lugha yenye kumbukumbu mbaya. Wazee wengi wa Uganda bado huikumbuka kama lugha ya askari waliowapiga na kuwanyang'anya. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, sheria haitoshi kubadili jinsi neno linavyosikika masikioni mwa mtu. Tangu usiku ule, mimi hukisikia Kiswahili kwa sauti ya kijana aliyekichagua ili kumwambia mkubwa wake ukweli, taratibu na kwa heshima, akianza na shikamoo.

Mwaka jana nilipita Mutukula nikamkuta. Anafanya kazi katika ofisi inayoandaa nyaraka za malori yanayovuka mpaka. Alinikaribisha chai, akauliza habari za shule.

“Timu ina wachezaji wangapi sasa, Mwalimu?”

“Kumi na wanane.”

“Wote ni wa kwetu?”

“Wote ni wa kwetu.”

“Na mnashinda?”

“Mara chache.”

Alicheka sana, akaniongezea chai.

Kazi yako ya wiki hii, mpendwa msomaji, ni insha fupi ya aya tatu. Fikiria umekalia kiti changu usiku ule, taa inawaka, na kitambaa kimewekwa mezani mbele yako. Mechi ni kesho saa nane mchana, na shule nzima inangoja. Andika maneno ambayo ungemwambia Nahodha kabla hajaufikia mlango.