Usimpe Kaka Yako Sadaka

Utrecht, Uholanzi

Mwanangu mpendwa,

 

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unauliza kama uendelee kumtumia kaka yako fedha kila mwezi, maana ualimu ameuacha, anachora kutwa, na picha hazinunuliwi. Duka lako bado changa, arusi iko mbele, na wajomba zako wanakwambia unalea mtu mzima. Jibu langu ni kwamba uendelee, lakini ubadilishe namna unavyompa. Ili uone kwa nini nasema hivyo, nitakusimulia habari za ndugu wawili wa nchi hii ninayoishi, ambao jambo lako liliwapata vilevile.

Vincent van Gogh unamjua. Alizeti zake zimechapwa hadi kwenye vikombe na kalenda. Mdogo wake, Theo, ni wachache wanaomjua. Vincent alizaliwa mwaka 1853, Theo 1857, katika kijiji cha Zundert ambako baba yao alikuwa mchungaji. Wote wawili walianzia kazi katika kampuni moja ya kuuza picha, Goupil. Vincent aliingia mwaka 1869 katika tawi la The Hague, na Theo akafuata mwaka 1873 katika tawi la Brussels, akiwa na miaka 15 tu. Mkubwa aliachishwa kazi mwaka 1876. Akafundisha, akauza vitabu, akahubiri kwa wachimba makaa wa Borinage, Ubelgiji, na kote hakudumu. Mdogo alitulia kazini, akapanda hadi kusimamia duka la kampuni hiyo katika boulevard Montmartre, Paris. Mwaka 1880 Vincent alipokata shauri kuwa mchoraji, naye ana miaka 27 na mfukoni hana kitu, Theo ndiye aliyeanza kumtumia fedha. Alituma kwa miaka 10, mpaka siku za mwisho za kaka yake.

Usidhani zilikuwa senti za kutupia. Kwa muda mrefu zilikuwa kama faranga 150 kwa mwezi. Huko Arles, kusini mwa Ufaransa, Vincent alikuwa na rafiki wa posta, Joseph Roulin, ambaye mshahara wake ulikuwa faranga 135, na kwa hizo alilisha mke na watoto watatu. Juu ya fedha, Theo alinunua rangi na vitambaa vya kuchorea Paris akavisafirisha kwa reli. Naye hakuwa tajiri. Alikuwa mwajiriwa, anayeuza picha ambazo mabwana zake walizipenda ili apate nafasi ya kuonyesha zile alizoziamini mwenyewe, za kina Monet, Degas na Pissarro, wakati ambapo wanunuzi wengi bado waliziona za ajabu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye jambo lako. Kwa miaka ya mwanzo fedha hizo zilimchoma Vincent. Mtu mzima anayepokea posho kwa mdogo wake hukosa usingizi, na akikosa usingizi huwa mkali. Alimlaumu Theo kwamba hajauza picha yake hata moja, na kwamba wala hajajaribu. Mwanzoni mwa mwaka 1884 yeye mwenyewe alileta shauri: picha atakazochora zitakuwa mali ya Theo, na zile fedha za kila mwezi zitahesabiwa kuwa malipo ya kazi yake. Theo akakubali. Kiasi hakikuongezeka siku ile kwa sababu ya mapatano hayo, wala magomvi hayakuisha. Lakini tangu hapo Vincent alikuwa mtu anayelipwa, na Theo alikuwa mtu mwenye mali inayokua. Kila mzigo wa picha uliofika Paris ulikuwa hesabu iliyotimizwa.

Ndiyo maana nakwambia usimpe kaka yako sadaka. Sadaka humpa mtoaji thawabu, lakini mpokeaji akiipata mwezi hata mwezi humwinamisha kichwa. Kaeni chini mpatane. Useme utatoa kiasi gani, kwa muda gani, naye aseme picha ngapi zitakuwa zako. Muandike na mtie saini. Kiasi kikiwa kidogo, kiwe kile utakachoweza kukitimiza hata mwezi duka likiyumba.

Tena umwambie kweli kuhusu kazi yake. Vincent alipokuwa katika kijiji cha Nuenen, hapa Uholanzi, alichora kwa rangi za giza, kama ile picha ya wakulima wanaokula viazi ya mwaka 1885. Theo alimwandikia kuhusu wachoraji wapya wa Paris waliokuwa wakifungua madirisha ya rangi zao, naye kaka mtu hakuelewa alichoambiwa. Mwaka 1886 alikuja Paris, akakaa kwa Theo, akaona kwa macho yake. Ndani ya miaka miwili rangi zake zilikuwa zimebadilika kabisa. Wewe huwezi kumfundisha kaka yako kushika brashi, lakini unaweza kumlipia nauli akaone kazi za wengine, na unaweza kumwambia ni picha ipi imekugusa na ipi haikukugusa. Mtu anayesifiwa kila kitu na ndugu zake hana wa kumwamini.

Kuishi naye nyumba moja kulimshinda Theo karibu kabisa. Nyumba yao ya rue Lepic ilichafuka, wageni wakaacha kuja, na magomvi hayakuwa na usiku wala mchana. Theo alimwandikia dada yao Willemien kwamba ni kama kaka yao ni watu wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja mpole na mwenye kipaji, mwingine mgumu wa moyo. Alikiri kwamba mara nyingi alijiuliza kama anakosea kumsaidia. Hata hivyo aliamua kuendelea, kwa sababu aliona kaka yake ni mchoraji kwelikweli, na kwamba kazi ambayo leo haipendezi itamfaa kesho. Nakuandikia haya ili uchovu wako usikutie aibu. Waweza kumpenda ndugu yako na bado ukamchoka, na waweza kumsaidia vizuri bila kuishi naye chini ya paa moja. Vincent alipohamia Arles mwezi Februari 1888 wote wawili walipumua, na huko ndiko alikochora alizeti zile.

Nakuja kwa mchumba wako. Mwezi Desemba 1888 Theo alikuwa ndiyo kwanza amekubaliwa na Johanna Bonger, zikamfikia habari kwamba Vincent amejikata sikio na amelazwa hospitali Arles. Akapanda treni mkesha wa Krismasi. Johanna aliolewa mwezi Aprili 1889 akijua kila kitu, fedha zinazokwenda na ugonjwa wa shemeji yake. Hakuitenga habari ile ikawa ya mumewe peke yake. Alimwandikia Vincent barua mwenyewe, hata usiku mmoja wa Januari 1890 akingojea kujifungua. Mtoto akapewa jina la Vincent, na amu yake akamchorea matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya anga ya buluu.

Basi mwambie mchumba wako sasa, kabla ya arusi, kiasi na sababu. Mwonyeshe picha. Akikataa, mzungumze mpaka mkubaliane. Siri ya fedha ndani ya ndoa huwa mbaya kuliko gharama yenyewe.

Mwisho wa ndugu hawa unauma. Vincent alijipiga risasi katika kijiji cha Auvers, Ufaransa, mwezi Julai 1890. Theo alimwahi, na Vincent akafariki tarehe 29, mdogo wake yupo kando yake. Theo alihangaika kutafuta mahali pa kuonyesha picha zote pamoja, akakataliwa, akazitundika nyumbani kwake. Baada ya miezi michache maradhi yake mwenyewe yalimwangusha, akaletwa hapa Utrecht, akafariki Januari 1891 akiwa na miaka 33. Alizikwa katika mji huu huu. Mwaka 1914 Johanna alimhamishia Auvers, akalazwa kando ya kaka yake.

Mjane huyo alibaki na mtoto mchanga na mamia ya picha. Akafungua nyumba ya wageni mjini Bussum ili waishi, akatundika picha kutani, akaandaa maonyesho, likiwemo lile kubwa la Amsterdam la mwaka 1905, na mwaka 1914 akachapisha barua ambazo Vincent alimwandikia mumewe. Barua zaidi ya 600 alizikuta kwa sababu Theo hakutupa. Mtoto yule, alipokuwa mzee, aliukabidhi urithi huo kwa mfuko uliowezesha jumba la makumbusho lililofunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Picha wanazoziona mamilioni ya watu pale leo zipo kwa sababu ya mapatano ya ndugu wawili na utunzaji wa mwanamke mmoja.

Sikuahidi kwamba kaka yako atakuwa Vincent. Theo naye hakuahidiwa. Mwaka wa kwanza aliotuma fedha aliona michoro ya mwanafunzi tu. Alichokuwa nacho ni jicho la kazi yake na imani kwa mtu anayefanya kazi bila kuchoka. Wewe umeniandikia kwamba kaka yako anaamka alfajiri na kuchora mpaka giza liingie. Hiyo yatosha kuanzia.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwake. Chagueni pamoja picha zitakazokuwa zako, mziandike tarehe nyuma, uzihifadhi mahali pakavu pasipo mchwa. Barua zake na ujumbe wake usivifute. Wajomba wakikuuliza tena unalea nani, waambie hulei mtu: unanunua picha, kwa bei mliyopatana, kwa mchoraji unayemwamini. Mimi nitanunua ya kwanza itakayokuwa tayari baada ya mapatano yenu, na fedha nitaituma kwake moja kwa moja.

Nisalimie mchumba wako na mama yako.

Ni mimi shangazi yako anayekupenda.