Singa na Pamba

Kiswahili kinatenga nywele na manyoya: nywele ni za mtu, manyoya ni ya mnyama. Mbwa mdogo wa aina ya Yorkshire Terrier anauvuruga mpaka huo. Manyoya yake hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengi. Huendelea kurefuka hadi yaburure sakafuni, na chini yake hakuna ile sufu nzito ya kukinga baridi. Mimi ni mtoto wa msusi wa Tanga. Nilipomgusa mara ya kwanza, vidole vyangu viliona nywele.

Niko Leeds, Uingereza, nasomea shahada ya uzamili ya jenetiki. Kila Jumamosi huenda kumchania mbwa bibi mmoja jirani yangu. Baridi yabisi imempinda vidole, hawezi tena kushika chanuo. Binti yake amekwisha kusema kwamba kama mbwa hatunziki, atafutiwe nyumba nyingine.

Mbwa hawa asili yao ni huku huku, kaskazini mwa Uingereza, kwenye miji ya viwanda vya nguo ya karne ya 19. Huddersfield Ben, anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo wao, alizaliwa mwaka 1865 akafa 1871. Wafugaji walitaka manyoya kama hariri, yaliyonyooka. Kwetu tungeyaita ya singa. Wa bibi hakutoka hivyo. Yake ni kama pamba: laini, mepesi, na hushikana upesi.

Darasani tulisoma utafiti uliotoka mwaka 2009 katika jarida la Science. Jeni tatu tu, FGF5, RSPO2 na KRT71, zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: urefu, masharubu na nyusi, na mikunjo. Nilipendezwa nao sana. Ila namna ya kufungua fundo lililo nyuma ya sikio nilikuwa nayo tangu barazani kwa mama.

Unaanzia nchani, si kwenye shina. Unabana nywele kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto usimfikie mnyama. Unagawa tabaka kwa tabaka, kwa sababu brashi ikipita juu juu mbwa hung'aa, na huku chini kumefungamana. Kwapani, nyuma ya masikio na pale mkanda unaposugua ndipo pa kutazama kwanza. Na usimwoshe kabla ya kufungua mafundo, maji huyakaza.

Barazani kwa mama, mtoto wa kipilipili aliyelia aliambiwa na wenzake kuwa ana nywele mbaya. Mama alikuwa akisema, "Nywele hazina ubaya. Huyu anachanwa na mtu mwenye haraka." Bibi naye huomba radhi kwa niaba ya mbwa wake, eti manyoya yake si mazuri kama ya yule wa zamani, aliye kwenye picha ukutani.

Nilimshauri yakatwe. Alikataa wiki tatu. "Sasa atakuwa mbwa gani?" aliniuliza. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Wiki ya nne nilimshika kidole nikakipeleka taratibu kwapani mwa mbwa, chini ya fundo, pale ngozi ilipokuwa ya moto. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimpigie simu kinyozi wa mbwa.

Sasa manyoya hayazidi urefu wa kidole gumba. Tumepata brashi laini yenye mkanda, inavaliwa kiganjani, haihitaji kushikwa. Asubuhi bibi humpakata mbwa mapajani akampitishia mwenyewe, polepole, shingoni hadi mkiani. Mimi nimebakiziwa masikio na kwapa, siku ya Jumamosi. Binti yake alikuja juzi, akakaa akimtazama mama yake akisugua, wala habari ya nyumba nyingine hakuitaja.