Kumsoma Namba 98

Jioni ya kwanza nilijaza kurasa nne. Mzee aliyeketi kando yangu akalichukua daftari, akazisoma zote bila kusema neno, kisha akanirudishia na swali moja: "Alipokuwa hana kisahani, alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kila shuti, kila chenga, kila kelele ya mashabiki. Dakika zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazikuwemo.

Ilikuwa Septemba 2022, ndani ya ukumbi wa Brandt Centre mjini Regina, makao makuu ya jimbo la Saskatchewan huko Kanada. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikicheza chandimu vichochoroni, nikaja kufundisha watoto kandanda, na Kanada nilifika kwa masomo nikabaki kwa kazi. Hoki ya barafu nimekutana nayo ukubwani, ikaniteka. Mzee huyu alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kusaka vipaji, amestaafu, lakini barafu hajaiacha. Kiangazi hicho aliniambia: ukitaka kuujua mchezo huu, chagua kijana mmoja, mshambuliaji, umfuate msimu mzima. Usimtazame mwingine.

Nilimchagua Connor Bedard, namba 98 wa Regina Pats.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1917 na inacheza WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada na Marekani ambayo wachezaji wake wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20. Bedard, mzaliwa wa North Vancouver, alikuwa wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kupewa kibali maalumu cha kucheza msimu mzima akiwa na miaka 15. Msimu wa 2021–22 alifunga magoli 51 na kutoa asisti 49 katika mechi 62. Kwenye hoki goli ni pointi moja, asisti nayo pointi moja. Kwa hiyo alimaliza na pointi 100 kamili. Sasa alikuwa na miaka 17, na mwisho wa msimu angeingia kwenye drafti, siku ambayo klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, hugawana chipukizi.

"Shuti lake analijua hata muuza tiketi," mzee aliniambia. "Wewe nitafutie kile ambacho bado hakijaenea."

Shuti lenyewe lilistahili sifa zake. Kabla ya kupiga, Bedard hukivuta kisahani karibu na miguu yake kwa ncha ya gongo, na papo hapo kinaondoka. Kipa aliyejipanga kuzuia kutoka upande mmoja anakuta shuti limetokea pembeni kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Lakini mabeki wote wa ligi walishazisoma picha zake za video. Kijana anayetegemea silaha moja, msimu ukiwa mrefu, silaha hiyo hugeuka butu mikononi mwake. Nilichotaka kujua ni kama angeongeza nyingine.

Tatizo lilikuwa macho yangu. Hoki huenda kasi kuliko mchezo wowote niliowahi kuufundisha. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Ndani yake kuna watu 12, wakiwemo makipa wawili. Kisahani ni cheusi, cha mpira mgumu, uzito wake takribani gramu 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mchezaji hukaa barafuni kwa muda usiofika dakika moja, anatoka akihema, mwingine anaruka ukuta kuingia. Usipojizuia, macho yanakimbilia kisahani kama nzi kwenye embe.

Mzee akanifundisha kuzigawa kurasa kwa mstari. Kushoto, anachofanya akiwa na kisahani. Kulia, anachofanya akiwa hana. Akanitaka nihesabu jambo moja zaidi: pasi ikiwa njiani, kijana anageuza shingo mara ngapi kutazama nyuma ya bega? Sababu yake ni nzito. Hoki inaruhusu kumgonga kwa mwili mwenye kisahani, na Bedard ana kimo cha takribani sentimita 178, mdogo mbele ya mabeki wengi. Asiyetazama kabla, kisahani na beki humfikia pamoja. Anayetazama amekwisha kujua njia ya kutokea kabla ya kukigusa.

Novemba tulikwenda Moose Jaw kwa gari lake, kilomita 70 hivi kuelekea magharibi. Nyika ya Saskatchewan wakati huo ni nyeupe mpaka upeo wa macho, bila kilima, na upepo hupeperusha theluji juu ya lami kama mchanga wa pwani wakati wa kusi. Mjini hapo kuna sanamu kubwa ya paa wa kaskazini aitwaye Mac, ambayo wenyeji wanaionea fahari. Mzee hakusimama. Alitaka tuwahi mazoezi ya kupasha mwili joto, kwa sababu, alisema, kijana akidhani hakuna anayemtazama ndipo anapojieleza.

Usiku ule upande wa kulia wa kurasa ulianza kujaa. Wapinzani walikuwa wanampelekea Bedard watu wawili. Kila walipomjia wawili, mwenzake mmoja alibaki huru, na kijana alikuwa anajua. Alikuwa anawangoja. Anakishika kisahani nukta moja zaidi, anajifanya atapiga, mabeki wanajirusha mbele ya shuti lisilokuja, na pasi imeshapita chini ya gongo lao. Nikaandika: shuti lake sasa ni chambo.

Sikuacha kuandika mapungufu. Mara nyingine alilazimisha kupita pasipo na njia, akanyang'anywa, na mashambulizi yakageuka. Mara nyingine alichelewa kurudi kukaba. Mzee aliyasoma hayo kwa makini kuliko sifa. "Ripoti isiyo na kasoro ni barua ya mapenzi," alisema. "Klabu haiwezi kumsaidia kijana kwa barua ya mapenzi."

Desemba Bedard aliitwa timu ya taifa ya Kanada kwa mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20, yaliyochezwa Halifax na Moncton, mashariki kabisa mwa nchi. Huko sikwenda, nilitazama sebuleni kwangu, nje baridi ikipasua kucha. Tarehe 2 Januari 2023, robo fainali dhidi ya Slovakia ikiwa muda wa nyongeza, aliwapita mabeki mmoja baada ya mwingine akafunga goli la ushindi. Nchi nzima ilizungumza habari ya goli hilo. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Katika mechi 7 alipata pointi 23, rekodi ya Kanada kwa mashindano hayo: magoli 9, asisti 14. Mfungaji aliyeogopwa kuliko wote alikuwa amewapa wenzake zaidi ya alivyojipa mwenyewe. Kanada ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Czechia 3-2.

Msimu wa kawaida ulipokwisha, hesabu ya Regina nayo ilisema hivyohivyo. Mechi 57, magoli 71, asisti 72. Nilirudi nyuma kwenye ile 49 ya mwaka uliotangulia nikaitazama kwa muda mrefu. Nilichokiona kikiota Moose Jaw kilikuwa kimezaa.

Mtoano ulitukutanisha na Saskatoon, na ukafika mechi ya saba, Jumatatu ya Pasaka. Ni mwendo wa kilomita 260 kwenda kaskazini. Katikati ya njia, pale Davidson, kuna birika kubwa la kahawa lililojengwa kando ya barabara. Tulisimama hapo, tukanywa kahawa kimya. Ukumbi wa Saskatoon, unaochukua watu wapatao 15,000, ulifurika. Bedard alimaliza mechi hizo 7 na magoli 10 na asisti 10. Regina ilitolewa.

Niliwatazama vijana wakijipanga mstari kupeana mikono, kama desturi ya mchezo huu inavyotaka baada ya mtoano, aliyeshinda na aliyeshindwa. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Pointi 20 katika mechi 7 ni kazi ya ajabu, na bado mtu mmoja hawezi kuibeba timu barafuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mechi anakuwa benchi akipumua. Nilielewa pia kwa nini zile asisti zilikuwa na maana. Kijana alikuwa ameujua ukweli huo mapema, akautafutia dawa kadiri ya uwezo wake.

Tarehe 28 Juni, huko Nashville, Chicago Blackhawks walimchagua wa kwanza. Hakuna aliyeshangaa.

Lakini daftari langu lilikuwa limeshapata kazi nyingine. Theluji ilipoyeyuka, watoto wa familia za Kongo na Burundi zinazoishi mtaani kwetu walirudi kucheza kandanda kwenye nyasi za bustani. Jumamosi moja nilimwona binti wa miaka kama kumi na moja ambaye hakuwa akiugusa mpira. Wenzake walimnyima pasi, wazazi walipigia makofi waliokimbia sana. Yeye alikuwa anatazama nyuma ya bega, anasogea hatua mbili, anasimama mahali palipo wazi. Anatazama tena, anasogea tena. Kila mara palikuwa mahali sahihi.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaugawa kwa mstari, nikaanza upande wa kulia.