Mcheza kwao hutuzwa

Wengi mmeniuliza kwa nini kamati yetu ya filamu ilitumia pauni 300 za jumuiya kumlipa mtu aliyeko Mombasa achore picha sita tu. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa maneno makali kidogo. Nimeona niandike hapa kila mtu asome, maana pesa ile si yangu. Ni pesa ya sambusa na maandazi tuliyouza nje ya maktaba majira yote ya baridi, vidole vikiganda.

Kwanza mradi wenyewe. Mwaka 2024 tulikubaliana kutengeneza katuni ya dakika nne juu ya kifo cha Fumo Liyongo, ionyeshwe kwenye Usiku wetu wa Afrika. Kisa mnakijua: shujaa wa Pate, mshairi, mrefu kupita watu wote, asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mwanawe mwenyewe akarubuniwa, akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akachukua upinde wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale keshauvuta, akafa vivyo hivyo. Watu walipomwona wakadhani yu hai, hakuna aliyethubutu kuteka maji. Sisi tulichagua sehemu hiyo ya kisima tu.

Sasa, katuni haianzi kwa kuchora katuni. Kabla ya hapo lazima mtu akae aamue: Liyongo ana sura gani? Kavaa nini? Kisima kimejengwa kwa nini? Jua liko wapi? Huyu ndiye mchoraji wa picha za awali, na kazi yake wengine wote huifuata. Mfano mnaoujua ni Star Wars. Mwaka 1975 George Lucas alimwajiri mchoraji Ralph McQuarrie amchoree matukio ya filamu ambayo bado ilikuwa maandishi matupu. Zile picha ndizo zilizosaidia kampuni ya filamu ikubali kutoa pesa. Hata kile kinyago cha kupumulia cha Darth Vader kilitokana na McQuarrie, aliyejiuliza mtu huyu atapumuaje akitoka chombo kimoja kwenda kingine huko angani. Swali dogo la mchoraji, na dunia nzima inakijua kile kinyago mpaka leo.

Kwenye kikao yalitoka mawazo matatu. La kwanza, tuwape kazi wenzetu wawili humu chuoni wanaojua kuchora. Lakini wote wana viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu mtu kujiajiri. Kumlipa kama mchoraji wa kujitegemea ni kumtia matatani, na kumfanyisha kazi ya wiki tano bure wakati wa mitihani nako si uungwana.

La pili, tutumie programu za akili mnemba, ambazo hazidai senti. Mwenzetu mmoja akajaribu palepale kwenye simu. Bwana, tulicheka mpaka machozi! Liyongo kavaa ngozi ya chui, kashika ngao, nyuma yake vibanda vya nyasi. Pate, mji wa nyumba za mawe ya matumbawe, wa boriti za mikoko na milango ya nakshi, umegeuzwa kijiji cha kwenye kadi za watalii. Tukicheka sisi ni sawa. Lakini Usiku wa Afrika wanakuja Waingereza na watu wa kila taifa, na wao hawatacheka, wataamini.

La tatu lilikuwa la mweka hazina wetu: tumtafute mtu wa nyumbani, ila tumlipe pauni 100, kwani maisha ya kule si ghali. Na alikuwa na hoja ya kweli. Mwaka uliotangulia mwenzetu alifiwa na mzazi, nauli ikapatikana kwa taabu. Akasema, "Jamani, pauni 300 zikitoka, akifiwa mwingine tutamwambia nini?" Kikao kizima kilinyamaza.

Tulikuwa tumeshaona kazi za dada mmoja wa Mombasa ambaye asili ya mamake ni Lamu. Bei yake ilikuwa pauni 300 kwa picha sita, wakati ule ni kama shilingi 50,000 za Kenya. Nikamtumia ujumbe kumuuliza kama kuna bei ya undugu. Akanijibu kwa sauti, nasi tukaisikiliza pamoja kikaoni: "Kakangu, undugu naupenda sana. Lakini stima hapa hailipwi kwa undugu, wala intaneti. Hao Wazungu mngewalipa ngapi?" Akaongeza kwamba mteja mmoja alishamtaka michoro minne ya majaribio, bure, akaichukua na hakuonekana tena.

Mimi nilisema hivi kikaoni. Kila siku sisi tunanung'unika kwamba huku tunalipwa kidogo kwa sababu ya tulikotoka. Vipi sisi wenyewe tumpunje mtu kwa sababu hiyohiyo? Tukapiga kura: tisa kwa watano, alipwe bei yake. Ila hoja ya mweka hazina hatukuitupa, na mtaona tulivyoishughulikia.

Tulimwandikia ukurasa mmoja: kisa, idadi ya picha, ukubwa wake, zitatumika wapi na zinatakiwa lini. Malipo mafungu matatu: mwanzo, baada ya rasimu, na mwisho. Marekebisho mara mbili kwa kila picha, zaidi ya hapo tunalipia. Halafu hakimiliki. Hapa sikilizeni vizuri. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, mchoraji wa kujitegemea hubaki mwenye haki ya kazi yake hata kama umeshamlipa, mpaka aihamishe kwa maandishi yenye sahihi yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huanzia upande wa pili: kazi ya kuagizwa huhesabiwa ni ya aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Yeye yuko kule, sisi tuko huku. Bila karatasi, kila mmoja angedhani picha ni zake! Tukaandika kwamba haki inabaki kwake, nasi tunaruhusiwa kuonyesha katuni na kuchapisha kadi 200 za kuuza. Kadi hizo ndizo jibu letu kwa mweka hazina. Mpaka naandika haya, pauni 140 zimesharudi kwenye sanduku la misaada.

Na kazi je? Alianza na vivuli vyeusi vidogo vidogo, kumi na viwili, tuone umbo la Liyongo kabla ya sura. Kisha yakaja maswali. Ndoo ya bati haikuwepo zama zile, je, wateke kwa kata ya kifuu? Nikampigia bibi yangu kumuuliza. Je, watu wanaoogopa wako wapi? Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo, maana sote tulikuwa tunamtazama shujaa. Picha yake ya tano haimwonyeshi Liyongo kabisa, isipokuwa kivuli chake kirefu juu ya mchanga. Wanaoonekana ni wanawake nyuma ya ukuta, mitungi mitupu, mtoto analia kiu, na mmoja wao ameshaanza kushuku kwamba yule mtu amekufa. Katuni yetu yote ikageuka ikawa ya mwanamke yule. Waliokuja Usiku wa Afrika wameiona.

Hicho ndicho tulichonunua, ndugu zangu. Mkono wa kuchora tungeupata kwingine. Yule dada alituletea macho yanayoijua Lamu na akili ya kuuliza.

Kamati zijazo, mkitaka kumwajiri mchoraji, karatasi yetu ya mapatano ninayo, njooni mwinakili. Msiombe michoro ya majaribio bila malipo. Msiseme "tutakutangaza jina" kana kwamba jina linapikwa chunguni. Na mlipeni kwa siku mliyoahidi, kwani aliyeko mbali hana mlango wa kuja kubisha.

Ni hayo tu. Mwenye kuona vingine aandike toleo lijalo, tutajibizana kwa heshima. Wasalaam.