Barua kwa Mpwa Wangu Mwenye Hedifoni Mpya

Kanamkemer,
Lodwar.

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenionyesha picha ya hedifoni ulizonunua kwa akiba yako, nami nimefurahi kana kwamba nimezinunua mimi. Sennheiser HD 650 zilitoka mwaka 2003 na bado watu wanaofanya kazi ya sauti wanazitumia, kwa sababu haziipambi sauti ya binadamu. Ukisikia mzee amevuta pumzi kabla ya ubeti, ni kwamba kweli ameivuta. Kwa kijana anayezunguka Kakuma na Kalobeyei akirekodi nyimbo za watu kabla wenye nyimbo hawajaondoka, umechagua vizuri.

Sasa unaniuliza ununue amplifaya gani na daki gani, yaani DAC, kile kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa mawimbi ya umeme, na unasema umeambiwa kwamba usipotumia kwa vifaa hivyo pesa sawa na ulizotoa kwa hedifoni, utakuwa umeharibu kila kitu. Nimekaa na redio na amplifaya za watu tangu hujazaliwa, na nakuambia hilo si kweli. Lakini usiniamini kwa sababu mimi ni mjomba wako. Tufanye hesabu.

Hedifoni zako zina impidansi, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, ya omu 300, na ukizipa volti 1 zinatoa desibeli 103. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Volti 1 kwenye omu 300 ni miliwati 3 na kidogo, basi. Tuseme unataka nafasi ya kutosha, kwamba ngoma ikipigwa ghafla sauti ifike desibeli 110 bila kukwaruza. Hapo utahitaji volti 2 na robo, yaani miliwati 17 hivi. Hakuna sikio linalohitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo tatizo la hedifoni zako si uchache wa wati. Zinataka volti tu, na matundu ya hedifoni kwenye simu na laptopu nyingi hutoa volti 1 au chini yake.

Ndiyo maana nakuomba usisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Wauzaji hupenda kutaja nguvu kwa omu 32, maana hapo ndipo amplifaya huonekana shujaa. Ukiona imeandikwa wati 1 kwa omu 32, jua hizo ni volti 5 na nusu na ushee. Volti hizo hizo kwa omu 300 zitakupa miliwati 107. Bado zinakutosha na kubaki, ila uone jinsi namba moja inavyoweza kusema mambo mawili. Tafuta palipoandikwa omu 300, na ukiona volti 3 au zaidi, ridhika. Schiit Magni inatosha, JDS Labs Atom inatosha, FiiO za mezani zinatosha.

Hata omu nyingi si dalili kwamba hedifoni ni ngumu kuendesha, ingawa watu husema hivyo. Kuna HIFIMAN HE-6, hedifoni ya omu 50 tu, lakini kwa miliwati 1 inatoa desibeli 83 na nusu. Kuifikisha desibeli 110 kunataka karibu miliwati 450, zaidi ya mara 25 ya zako. Mwenye HE-6 anahitaji amplifaya nzito kweli, na ushauri mwingi unaousikia ulitoka kwa watu wa namna hiyo, ukatolewa kwa kila mtu. Kila chombo kwa wimbile.

Jambo la pili ni impidansi ya amplifaya yenyewe pale inapotokea sauti. Hili wauzaji hawalitaji, nami naliona kubwa kuliko wati. HD 650 hazibaki kwenye omu 300 siku zote. Kule chini kwenye besi zinapanda hadi karibu 500. Ukiziunganisha na amplifaya yenye omu 120 upande wa kutoa, besi itainuka kwa desibeli 1 hivi kuliko sauti za katikati. Kuna watu wanaoupenda unene huo, hasa wenye amplifaya za valvu, na kwa kujiburudisha jioni sina neno nao. Wewe unahariri. Ukipunguza besi ya wimbo kwa sababu amplifaya yako imeizidisha, atakayesikiliza kwa redio yake ndogo huko Lokichoggio atasikia wimbo umekonda. Chukua amplifaya ya omu 1 au 2, au chini zaidi. Na ile amplifaya kubwa ya zamani ya spika uliyoahidiwa na rafiki yako, usiitumie kwa kazi hii. Tundu la hedifoni la nyingi kati ya hizo limepitishwa kwenye rezista za mamia ya omu.

Valvu pia sizitaki kwako kwa sababu ya mahali ulipo. Chumba cha mabati, Kakuma, saa nane mchana, halafu uweke mezani kitu kinachotoa joto muda wote kikiwa kimewashwa! Hata zile za transista za daraja A zinachemka hivyo hivyo bila kuimba. Nunua kitu kinachobaki baridi. Ukimaliza kazi kifunike kwa kitambaa, vumbi letu unalijua, lakini usikifunike kikiwa kinafanya kazi.

Tukija kwenye umeme, hapa ndipo nataka unisikilize zaidi, maana wanaoandika ushauri wa vifaa hivi wanaishi kwenye umeme usioyumba. Wewe leo unatumia jenereta ya mfanyabiashara, kesho sola ya jirani na inveta ya bei ya chini. Inveta hizo hazitoi wimbi laini. Zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na transfoma ya amplifaya huunguruma. Tena ukichomeka laptopu kwenye soketi moja na amplifaya kwenye nyingine, ardhi za vifaa hivyo viwili zinafanya mzunguko, na utasikia mvumo wa hezi 50 chini ya sauti ya mzee wako. Vijana wengi hapo hukimbilia kununua daki mpya. Chomoa kwanza chaja ya laptopu, ufanye kazi kwa betri. Mara nyingi mvumo unaisha papo hapo na hujatoa hata shilingi. Na tafadhali, usiunganishe amplifaya ya volti 12 moja kwa moja na betri ya sola: ikichajiwa, betri hiyo hupanda hadi volti 14 na ushee.

Kuhusu daki, nitakuwa mfupi kwa sababu haina mengi. Sidii ya mwaka 1982 iliweka sauti kwa biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, na hiyo inabeba tofauti ya desibeli 96 kati ya kelele yake na sauti yake ya juu kabisa. Daki nyingi za mezani leo, hata za bei nafuu, hupita 110. Sasa fikiria unachosikiliza. Upepo wa Turkana kwenye maikrofoni yako una kelele zaidi kuliko daki yoyote inayouzwa. Ukipata pesa ya ziada nunua kizuia upepo cha manyoya cha maikrofoni, hicho utakisikia. Daki ya bei mara kumi hutaisikia.

Anza basi na kile kiadapta kidogo cha hedifoni cha Apple cha USB-C, kinachouzwa dola 9 huko Marekani. Ndani yake mna daki safi na amplifaya yenye impidansi ndogo, na ile isiyo ya soko la Ulaya hutoa volti 1. Kitumie kwenye laptopu, kwa sababu kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake huwa ya chini mno. Jihadhari na vya bandia, ununue dukani ambako watakupa risiti. Huenda usihitaji kingine kwa nyimbo ulizorekodi kwa sauti ya kutosha.

Utakapofika kwenye rekodi za sauti ya chini, ndipo tutatafuta amplifaya, na hapo nina hamu yangu mwenyewe. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, asiyejulikana jina hadi leo, alitoa bure mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, ili mtu yeyote ajitengenezee. Mwaka uliofuata akanyamaza. Vipuri vyake ni vya miguu, vinapenya kwenye bodi, mtu mwenye chuma cha kulehemu anaviweka kwa mkono. Tena inaendeshwa kwa betri mbili za volti 9 za kuchajiwa. Inatoa zaidi ya volti 3 tunazozitaka, na ikiwa kwenye betri haijui kama jenereta ipo au imezimwa. Adapta yake ya kuchajia ni ya AC kwa AC. Ukichomeka ya DC itafanya kazi nusu tu. Kwa Kakuma sioni iliyo bora.

Kuijaribu, usitumie muziki wa studio. David na Judith MacDougall walipiga filamu katika Turkana mwaka 1973 na 1974, wakatoa tatu chini ya jina Turkana Conversations. Katika *Lorang's Way* watu wanazungumza Kiturkana chao, tafsiri ikiwa chini. Fumba macho usisome tafsiri. Ukiyapata maneno yote bila kurudia, vifaa vyako viko sawa.

Na masikio yako uyatunze. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho wa kusikiliza kwa desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Unapohariri usiku kucha, teremsha sauti.

Mwambie mama yako nimepokea mzigo wake. Nawe nijibu kabla ya Jumamosi kama niagize bodi ya O2 na vipuri kutoka Nairobi. Nitakuunganishia hapa, niipime, kisha niitume kwa gari la Kakuma.

Ni mimi mjomba wako.