Saba au Shaba: Kuchagua Visikizi Mjini Juba

Mtu anayejifunza Kiswahili Juba hana bahari wala mitaa ya Waswahili ya kumfundisha kila siku. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo tunahimizwa kujifunza lugha hii. Hata hivyo, nje ya darasa tunaisikia kwa vipande tu: kwa madereva wa malori wanaoingia kwa barabara ya Nimule, na kwa wafanyabiashara wa Uganda na Kenya walioko masokoni. Saa nyingine zote mwalimu wetu ni simu, na kati ya simu na sikio kuna visikizi. Ndiyo maana naona kwamba kwa mwanafunzi wa lugha, kuchagua visikizi ni jambo zito kama kuchagua kamusi.

Kwangu mimi jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya lugha niliyozaliwa nayo. Kidinka ni lugha tajiri kwa sauti. Irabu zake huwa fupi, za wastani na ndefu. Nyingine hutamkwa kwa sauti ya kawaida na nyingine kwa sauti yenye pumzi, na juu ya hayo kuna toni. Lakini Kidinka cha asili hakina s, z, f wala sh. Tunaandika th na dh, ila tunazitamka kwa kugusisha ulimi kwenye meno na kuzuia hewa, si kwa kuipitisha kama katika Kiswahili. Ndiyo sababu hata jina Kristo, lilipoingia katika Kidinka, lilipata th mahali pa st.

Sasa fikiria Mdinka anapofanya imla ya Kiswahili. Saba ni hesabu na shaba ni madini. Zana ni kifaa, dhana ni wazo. Kuna samani za nyumba, kuna zamani za mababu, na kuna thamani ya kitu. Mtu asiyesikia tofauti hizo hawezi kuziandika, na asiyeweza kuziandika hataaminiwa kutafsiri mkataba wala kikao. Mimi nataka kuwa mkalimani, kwa hiyo herufi moja kwangu ni kazi.

Hapa ndipo visikizi vinapohusika. Nguvu kubwa ya irabu iko chini ya hezi 3,000. Sauti ya s iko juu zaidi, kuanzia kama hezi 4,000 hadi 8,000 na kupita. Sh iko chini kidogo ya s, na hiyo ndiyo tofauti ambayo sikio hushika. F na th ni dhaifu sana, karibu pumzi tupu. Sauti nzito za chini zina tabia ya kufunika sauti nyembamba za juu kuliko zile za juu zinavyofunika za chini. Visikizi vyenye besi nyingi mno huweza kuimeza th yote, ukabaki na irabu mbili tatu na kukisia.

Besi ndiyo inayouzwa sana. Ukienda Konyo Konyo au Custom, mchuuzi atakuwekea wimbo wa kuchezwa, ataongeza sauti mpaka mwisho, kisha atakuuliza, "Ndugu yangu, unasikia ngoma hiyo?" Ngoma utaisikia kweli, na itakupendeza. Mimi pia napenda ngoma, na sitaki mtu adhani kwamba besi ni dhambi. Ni suala la matumizi: anayetaka muziki wa kucheza ana haki ya besi yake, na anayetaka kusikia mtu anavyotamka ana haki ya sauti safi. Mwenye fedha hununua vya aina zote mbili. Mwanafunzi huchagua.

Fedha zangu zilikuwa za nauli. Kwa wiki tatu nilitembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda, na nilichopata kilitosha jozi moja ya bei ya kati. Mbele yangu kulikuwa na jozi mbili za bei moja: moja yenye kung'aa na besi ya kutikisa meno, nyingine nyeusi ya kawaida. Sikutumia wimbo wa mchuuzi. Katika simu yangu nilikuwa na sauti ya mwalimu akisoma polepole: saba, shaba, zana, dhana, samani, zamani, thamani. Nilifumba macho nikasikiliza kwa jozi ya kwanza, kisha ya pili. Katika ile ya kwanza zana na dhana zilikuwa neno moja. Katika ile nyeusi nilisikia mara mbili, nikathibitisha ya tatu, nikalipa. Nyumbani ndugu zangu waliniuliza kwa nini nimenunua visikizi visivyo na ngoma. Niliwapa wasikilize redio, wakanyamaza.

Baada ya aina ya sauti, jambo la pili ni jinsi vinavyokaa sikioni. Jozi nyingi huja na vipira vya silikoni vya saizi tatu, na watu wengi hawavibadilishi kamwe. Kipira kisichoziba vizuri huvujisha besi na kuingiza kelele, hata kama visikizi ni vya bei ghali. Jaribu saizi zote tatu. Sikio la kulia laweza kuhitaji kipira tofauti na la kushoto.

La tatu ni waya. Visivyo na waya ni nadhifu, lakini huomba chaji, na katika mtaa ambao umeme ni wa jenereta, chaji ni fedha. Vyenye waya havihitaji betri. Isitoshe, katika simu zenye redio ya FM waya huo ndio hutumika kama antena. Ukiuchomoa, Radio Miraya inapotea. Waya huanza kukatika karibu na pini, kwa hiyo angalia kama sehemu hiyo ni nene na inapinda bila kuvunjika. Fundi simu aweza kuulehemu mara moja au mbili. Kabla ya kulipa, hakikisha pia kwamba simu yako bado ina tundu la pini.

Jambo la nne wengi hulisahau, nalo ni sikio lenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akiwa kwenye desibeli 80, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo upunguzwe nusu. Sisi huongeza sauti ili kulishinda jenereta la jirani. Kipira kinachoziba vizuri hupunguza haja hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kukijali kuliko rangi na nembo. Na sikio likiumia kwa kelele, sauti nyembamba za juu ndizo huanza kupotea, yaani zile zile s na f tunazohangaika kuzipata. Barabarani vivue kabisa, maana bodaboda haikusubiri umalize sentensi.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye fedha kidogo, ushauri wangu ni huu: jua kwanza unataka kusikia nini, nenda sokoni na rekodi yako mwenyewe, jaribu vipira vyote, kagua waya, na bei uiulize mwisho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Visikizi vinavyopigiwa kelele sana sokoni si lazima ndivyo vitakavyokufaa.

Mimi nimekuwa na jozi yangu nyeusi muhula mzima. Ulimi wangu bado unakwama kwenye sh nikiwa na haraka. Lakini juzi mama muuza vyombo kutoka Gulu aliniambia sufuria ile si ya shaba, nami nilimwelewa mara moja, bila waya wowote masikioni.