Santuri nzito, glasi nzito

Shangazi,

Mwezi huu nakuandikia habari za bia na magitaa, maana hapa Birmingham ndipo hevi metali ilipozaliwa, na ilizaliwa viwandani. Tony Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 pale mashine ilipomkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono wa kubania nyuzi za gitaa. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza, sauti ikashuka chini mpaka unaisikia kifuani. Bendi yake, Black Sabbath, ilirekodi albamu ya kwanza kwa siku moja tu, ikatoka Februari 1970.

Wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa na bia yao iitwayo maildi. Rangi yake ni kahawia nzito, hopsi zake chache, na kilevi chake ni asilimia 3 na kitu. Mtu aliyeshinda kwenye tanuru alihitaji kunywa glasi kadhaa kufidia jasho, na kesho yake awahi zamu. Bia hii ilikaribia kusahaulika. Sasa viwanda vidogo vinaipika tena. Mimina maildi, weka santuri ile ya Black Sabbath inayoanza kwa mvua na kengele ya kanisa, utaona zinavyoelewana. Zote mbili ziliwafaa watu waliochoka.

Wapenzi wengi wa mchezo huu wa kuoanisha bia na albamu huchagua kwa picha: fuvu kwenye chupa, fuvu kwenye jalada, basi wameridhika. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Bia na albamu huoana kwa uzito na kwa muda. Chukua Reign in Blood ya Slayer, ya mwaka 1986. Yote ni dakika 29 hivi, na inakwenda mbio bila kupumua. Inataka pilsna baridi, kavu, yenye uchungu safi, ambayo ukiichelewesha inapata joto na povu linakufa. Kinyume chake ni Dopesmoker ya bendi ya Sleep, wimbo mmoja unaozidi saa nzima. Huo nauwekea stauti nzito ya asilimia 10 au zaidi, kwenye glasi ndogo. Ikitoka kwenye friji imejifunga, huonji kitu zaidi ya kimea kilichoungua. Gitaa likirudia na kurudia, bia nayo inapata joto taratibu: inakuja kahawa, inakuja chokoleti, mwisho zabibu kavu. Ukiinywa haraka umeipoteza, na wimbo nao umekupita.

Hata bia iliyopewa jina la wimbo haiachwi bila kupimwa. Trooper ya Iron Maiden imefaulu. Mwimbaji wao, Bruce Dickinson, aliiunda mwaka 2013 pamoja na wapishi wa Robinsons, kiwanda cha familia kule Stockport. Ina asilimia 4.7, utamu kidogo wa kimea na uchungu wa kiasi, kwa hiyo haifuniki besi ya Steve Harris inayokimbia kama farasi katika albamu yao Piece of Mind.

Iliyonisumbua ni albamu ya kwetu Afrika Mashariki. Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni mayowe na ngoma za mashine zinazopishana kwa kasi ya kutisha. Stauti inazama humo, pilsna haisikiki kabisa. Iliyokaribia ni bia chachu ya Ubelgiji, ile inayochachushwa na hamira ya porini inayoingia na hewa.

Lakini ninavyoamini, Shangazi, jibu liko kwako Kibosho. Mbege yako ina utamu wa ndizi, uzito wa ulezi na uchungu wa msesewe, na haitulii: inaendelea kuchacha ndani ya kata huku mtu anakunywa. Muziki wa Duma nao hautulii. Ninachotaka kukuuliza ni hiki: nisikilize Duma kwa mbege ya siku ya kwanza, ikiwa bado tamu, au ya siku ya pili iliyokwisha kukolea? Desemba nakuja na spika. Tafadhali, wageni wa Krismasi wasiimalize yote kabla sijafika.

Mwanao wa Birmingham